T Mbili kwenye Mstari Mmoja: Nani Anachagua Kinachorudi?

Kijana aliyekuja ofisini kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo alikodolea macho mstari mmoja kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hii methodi inarudisha T mbili?" Mstari wenyewe ni huu:

```java
public static <T> T waKwanza(List<T> orodha) {
    return orodha.get(0);
}
```

Sikumcheka. Mimi niliandika programu kwa lugha ya Java zaidi ya mwaka mzima nikiipachika ile `<T>` kama mtoto anayekariri asichokielewa. Nikiiacha, kompaila (programu inayokagua msimbo na kuugeuza uweze kuendeshwa) inagoma, nikiiweka inanyamaza, basi naiweka. Siku nilipolazimika kuelewa nilikuwa nimeshaharibu kitu, na hilo nitalifikia.

T ya kwanza, ile iliyo peke yake ndani ya mabano ya pembe, hairudishwi popote. Ni tangazo. Inamwambia kompaila kwamba ndani ya methodi hii kuna aina ya data ambayo bado haijatajwa, na kwa sasa tutaiita T. T ya pili ndiyo aina inayorejeshwa. Ya tatu, iliyo ndani ya `List<T>`, ni aina ya vitu vilivyomo kwenye orodha inayoingia. Mstari mzima unasomeka hivi: taja aina yoyote, nipe orodha ya aina hiyo, nitakurudishia kitu kimoja cha aina hiyo hiyo.

Tangazo linakaa baada ya `public` na `static`, kabla ya aina inayorejeshwa, ili anayesoma kutoka kushoto akutane nalo kabla ya kuona linatumika. Ukilifuta, kompaila italalamika kwamba haiijui T, kwa kuwa itadhani ni klasi halisi uliyosahau kuiingiza. Herufi yenyewe haina uchawi. Ungeweza kuandika `<Kitu> Kitu waKwanza(List<Kitu> orodha)` na mambo yakaenda. Herufi moja ni desturi tu: T kwa aina yoyote, E kwa kilichomo ndani ya mkusanyo, K na V kwa ufunguo na thamani yake, R kwa kinachorudi.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa hata wazoefu:

```java
class Kapu<T> {
    private T kitu;

    <T> T chukua() {
        return kitu; // kompaila inakataa
    }
}
```

Klasi imeshatangaza T yake. Methodi nayo ikatangaza ya kwake, yenye jina lile lile, na kuanzia hapo T ya klasi imefunikwa. Ni majina mawili yanayofanana ya watu wawili tofauti. Kompaila yenyewe, inapokueleza kosa, inalazimika kuzipa namba, T#1 na T#2, ili isichanganyikiwe. Dawa ni kuondoa `<T>` kwenye methodi: ikiwa T ni ya klasi, methodi inaitumia tu, haiitangazi upya.

Anayeita ndiye anayechagua

Kama kuna jambo moja la kuondoka nalo kwenye makala hii, ni hili: T iliyotangazwa na methodi haichaguliwi na mwandishi wa methodi. Inachaguliwa na anayeiita. Maswali mengi ninayoulizwa kuhusu jeneriki, yaani msimbo unaoacha aina ya data ijazwe baadaye kama T hii, ukiyachimba, mzizi wake uko hapo.

Angalia msimbo huu, ambao karibu kila mwanafunzi huuandika wakati fulani:

```java
public <T extends Mnyama> T leta() {
    return new Mbuzi(); // kompaila inakataa
}
```

(Kwa waliozoea kuandika majina ya Kiswahili kwenye msimbo: Java haipokei ritifaa kwenye jina la klasi, kwa hiyo ng'ombe wetu hapa chini ataitwa `Ngombe`. Mniwie radhi.)

Mwanafunzi anajitetea: "Mbuzi ni Mnyama, na nimesema T ni aina ya Mnyama. Kosa liko wapi?" Liko kwenye maana ya tangazo. `<T extends Mnyama> T` haisemi "nitakuletea mnyama fulani nitakayemchagua mimi." Inasema "taja mnyama yeyote umtakaye, nitakuletea huyo." Ni mfugaji aliyetia saini kwamba mteja ndiye atakayetaja, halafu zizini ana mbuzi peke yake. Akija mtu na mstari huu, ataaibika:

```java
Ngombe n = leta();
```

Kwa anayeita, mstari huo ni halali kabisa: T hapo ni `Ngombe`, naye ni `Mnyama`. Kompaila inaona mbali kuliko mwanafunzi. Inajua kwamba mwili wa methodi unapaswa kuwa sahihi kwa kila T inayoweza kutajwa, na `new Mbuzi()` ni sahihi kwa T moja tu na wazazi wake.

Kama wewe mwandishi ndiye unayechagua, huhitaji jeneriki. Andika `public Mnyama leta()`, au `public Mbuzi leta()` kama unajua fika ni mbuzi. Klasi ndogo inapoandika upya methodi ya mzazi inaruhusiwa kuibana aina inayorejeshwa, kutoka `Mnyama` kwenda `Mbuzi`, bila T yoyote. Ruhusa hiyo iliingia Java pamoja na jeneriki zenyewe, katika toleo la 5, tarehe 30 Septemba 2004.

Kwa nini basi `waKwanza` inakubalika? Kwa sababu yule anayeita haji mikono mitupu. Anakuja na `List<Ngombe>`, na methodi inatoa kilichokuwa humo humo. T imeonekana mara mbili ukiacha tangazo, moja kwenye kinachoingia na moja kwenye kinachotoka, na kazi yake yote ni kuvifunga hivyo viwili kwa kamba moja. Methodi haina haja ya kujua ng'ombe ni nini. Inapokea, inatoa.

Lebo inayobanduliwa

Kabla ya 2004, `waKwanza` ingeandikwa ikirudisha `Object`, nawe ungelazimika kukasti, yaani kuitajia kompaila aina halisi ya kitu, kila mara: `String s = (String) waKwanza(orodha)`. Kompaila ilikuamini. Ukikosea, programu ilikufa ikiwa inaendeshwa.

Jeneriki za Java zilitokana na kazi ya watafiti wa lugha. Martin Odersky na Philip Wadler walikuwa wamebuni lugha iitwayo Pizza, kisha wakiwa na Gilad Bracha na David Stoutamire wakatoa GJ mwaka 1998. Odersky huyo ndiye aliyekuja kuiunda lugha ya Scala. Sharti kubwa lilikuwa kwamba msimbo mpya uishi nyumba moja na maktaba za zamani ambazo zilikuwa zimeshakompailiwa na kusambaa duniani. Njia iliyochaguliwa ni kufuta: kompaila inatumia aina za jeneriki kukagua msimbo, ikimaliza inazifuta, na methodi iliyokompailiwa inabaki na `Object` ile ile ya kale.

Nikieleza hili huwa nawakumbusha watu jikoni kwao. Kuna nyumba gani isiyo na kopo la siagi lililojaa iliki, au ndoo ya aiskrimu ambayo ukiifungua ndani ya friji unakuta maharage? Mwenye jiko hahangaiki, kwa sababu alipokuwa anaweka alijua anaweka nini. Kompaila ni huyo mwenye jiko. JVM, mashine inayoendesha programu ya Java iliyokwisha kukompailiwa, ni mgeni anayefungua friji: anaona makopo tu.

Usiniamini kwa maneno. Kompaili mstari `String s = waKwanza(majina);` kisha endesha `javap -c`, zana inayoonyesha kilichomo ndani ya faili lililokompailiwa, kwenye klasi iliyotoka. Utaona kitu cha namna hii:

```
invokestatic   // waKwanza:(Ljava/util/List;)Ljava/lang/Object;
checkcast      // class java/lang/String
```

Mstari wa juu unaonyesha methodi ikirudisha `Object`. T imeshatoweka. Mstari wa chini, `checkcast`, ni kasti ambayo wewe hukuiandika. Kompaila imekuandikia, na imeiweka kwa anayeita, si ndani ya methodi. Kumbuka mahali hapo ilipowekwa.

T ikiwa na mpaka, inafutwa kuwa mpaka wake wa kwanza: `<T extends Mnyama>` inabaki `Mnyama`. Hiyo ndiyo siri ya tangazo la `Collections.max`, ambalo kwa macho ya haraka linaonekana kama limeandikwa na mtu aliyechoka:

```java
public static <T extends Object & Comparable<? super T>> T max(Collection<? extends T> coll)
```

Nani asiyejua kwamba kila kitu Java ni `Object`? Kwa nini kuandika `extends Object`? Kwa sababu bila hilo T ingefutwa kuwa `Comparable`, na methodi iliyokompailiwa ingerudisha `Comparable`. Programu za kabla ya 2004 zilikuwa zikiitafuta `max` inayorudisha `Object`, wala zisingeipata. Kwa hiyo `Object` imetangulizwa mbele kwa ajili ya hizo za zamani. Kati ya matangazo yote ya maktaba ya Java, hili ndilo nilipendalo zaidi.

T inayoonekana mara moja

Sasa niungame. Kwenye mradi mmoja wa malipo niliwahi kuandika hivi, tena nikijipongeza:

```java
private final Map<String, Object> mipangilio = somaJson();

@SuppressWarnings("unchecked")
public <T> T pata(String ufunguo) {
    return (T) mipangilio.get(ufunguo);
}
```

Ilipendeza kuitumia. `String jina = pata("jina")`, `Boolean wazi = pata("wazi")`, hakuna kukasti popote, msimbo umekaa safi kama sare ya Jumatatu. Kikomo cha miamala ya siku kilisomwa hivi:

```java
Long kikomo = pata("kikomoChaSiku");
```

Thamani ilikuwa kwa senti: 3000000000, yaani shilingi milioni 30. Ilifanya kazi miezi kadhaa. Siku moja wahusika wakaamua kushusha kikomo hadi milioni 20. Mtu akabadilisha tarakimu moja kwenye faili, ikawa 2000000000, na usiku ule ule simu yangu ikaanza kuita. Kwenye logi:

```
java.lang.ClassCastException: class java.lang.Integer
cannot be cast to class java.lang.Long
```

Mstari uliotajwa ulikuwa ule wa `Long kikomo = pata(...)`. Hauna kasti. Niliusoma mara kumi. Nilifikia hatua ya kushuku kwamba toleo lililokuwa hewani silo nililokuwa naliangalia.

Kilichotokea ni hiki. Maktaba iliyosoma faili la mipangilio, lililoandikwa kwa muundo wa data uitwao JSON, isipoambiwa inataka aina gani, ilitoa `Integer` kwa namba inayotosha humo na `Long` kwa isiyotosha. Mwisho wa `Integer` ni 2,147,483,647. Bilioni 3 ilipita hapo, ikawa `Long`. Bilioni 2 haikupita, ikawa `Integer`. Ndani ya `pata`, ile `(T)` niliyoiandika haikukagua chochote, kwa sababu T ilishafutwa: kukasti kwenda T ni kukasti kwenda `Object`, na kila kitu kinapita. Ukaguzi halisi ni ile `checkcast` iliyopandwa kwa anayeita. Ndiyo maana mstari usio na kasti ulilipuka kwa kosa la kasti.

Rudi sasa kwenye tangazo: `<T> T pata(String ufunguo)`. T iko wapi kwenye vigezo? Haipo. Imeonekana mara moja tu, kwenye kinachorudi. Haifungi chochote na chochote. Methodi inaahidi kumpa anayeita aina yoyote atakayoitaja, huku ikiwa haina njia ya kujua ametaja nini. Ni yule mfugaji tena, safari hii ametoa mbuzi aliyefunikwa shuka, na kompaila ilipouliza nikaizima mdomo kwa `@SuppressWarnings`. Ile kasti niliyodhani nimeiondoa ilikuwepo kila mahali. Nilikuwa nimeificha tu.

Na nilikuwa na bahati. Kama ningeandika `List<Long> viwango = pata("viwango")`, `checkcast` ingeuliza swali moja tu: je, hii ni `List`? Naam, ni `List`. Ndani ina `Integer` tupu, lakini JVM haina habari na `<Long>` iliyofutwa. Orodha ingepita, ingezunguka kwenye klasi tano, na kulipuka siku mtu anapotoa kitu kimoja humo, mbali kabisa na kosa lilikozaliwa.

Dawa ni kumtaka anayeita alete kitu kinachobeba T mkononi:

```java
public <T> T pata(String ufunguo, Class<T> aina) {
    return aina.cast(mipangilio.get(ufunguo));
}
```

`Class<T>` ni kitu halisi kinachoishi hata baada ya kufutwa kwa aina, kwa hiyo `aina.cast` inakagua kweli, tena hapo hapo. T sasa imeonekana mara mbili na kamba imefungwa. Je, `pata("kikomoChaSiku", Long.class)` isingelipuka usiku ule? Ingelipuka vilevile, `Integer` si `Long`. Lakini ingelipukia ndani ya `pata`, nami ningemaliza tatizo kwa dakika mbili badala ya kukesha. Jibu lililobaki kwenye mradi ni `pata("kikomoChaSiku", Number.class).longValue()`, ambalo linapokea zote mbili.

Njia hii ina ukomo wake. `List<Long>.class` haipo katika Java, ipo `List.class` tu, kwa sababu ile ile ya kufutwa. Maktaba za JSON hupita hapo kwa ujanja: unaunda klasi ndogo isiyo na jina, kama `new TypeToken<List<Long>>() {}` kwenye Gson, na yale mabano matupu ya mwishoni ndiyo yanayofanya kazi. Aina zilizoandikwa kwenye tangazo la klasi ndogo, pale inapomtaja mzazi wake, huhifadhiwa ndani ya faili la klasi, na maktaba huzisoma kutoka humo.

Hata `toArray` ya orodha ni ndugu wa ukoo huu. Ukiandika `majina.toArray(new String[0])`, ile safu tupu unayoipitisha inaonekana kama upuuzi, kumbe ndiyo lebo: JVM inaitazama ili ijue itengeneze safu ya aina gani. Tangu Java 11 unaweza kuandika `majina.toArray(String[]::new)`, nami naiona inasomeka vizuri zaidi.

Je, kila T inayoonekana mara moja kwenye kinachorudi ni ya uongo? Hapana. `Collections.emptyList()` imetangazwa `<T> List<T> emptyList()`, bila kigezo chochote, na ni ya kweli kabisa: orodha tupu isiyobadilika ni orodha ya ng'ombe, ya majina, ya chochote, maana haina kitu cha kukanusha. Vivyo hivyo methodi isiyorudi kamwe, inayotupa hitilafu kila inapoitwa, inaweza kuahidi T yoyote bila kudanganya. Ahadi ya kila kitu hutimizwa na asiyetoa kitu.

Simu za Android

Waliojifunzia Java kwenye Android wanaijua hadithi hii bila kujua kwamba wanaijua. Miaka ya nyuma kila skrini ilijaa mistari kama `Button b = (Button) findViewById(R.id.tuma);`. Mwaka 2017, kwenye Android 8.0, tangazo likabadilishwa likawa:

```java
public <T extends View> T findViewById(int id)
```

Kasti zikaondoka kwenye skrini, watu wakafurahi. Lakini hesabu T zako: moja tu, kwenye kinachorudi. Ni `pata` yangu ile ile ikiwa na mpaka. Ukitaja `Button` wakati kwenye mpangilio wa skrini kuna `ImageView`, kompaila itakaa kimya na programu itakufa mkononi mwa mtumiaji.

Mpaka wa `View` unasaidia kidogo. `String s = findViewById(R.id.tuma)` inakataliwa, kwa kuwa hakuna kitu kinachoweza kuwa `String` na `View` kwa pamoja. Lakini jaribu `Runnable r = findViewById(R.id.tuma)`. Inapita! `Runnable` ni intafesi, na kompaila inajisemea kwamba huenda ipo klasi fulani iliyo `View` na ambayo pia inatekeleza `Runnable`, basi T iwe hiyo. Kimantiki haijakosea. Kwa matumizi ya mtu wa kawaida ni shimo.

Siwalaumu waliofanya badiliko lile. Kasti ya mkono nayo haikuwa salama zaidi, na aina ya kitufe imeandikwa kwenye faili la XML ambalo kompaila ya Java hailisomi. Ninachokataa ni vijana kuniambia kwamba methodi ile "inajua" ni `Button`. Haijui. Imeambiwa.

Kompaila inavyobahatisha

Anayeita anachagua T, lakini ni nadra kuitaja kwa mdomo. Kompaila hukisia kutokana na vigezo, na pale visipotosha hutazama upande wa kushoto, yaani kitu kinachosubiri jibu. Kabla ya Java 8 ya Machi 2014 ilikuwa mvivu: ukipitisha `Collections.emptyList()` moja kwa moja kwenye methodi inayotaka `List<String>`, ilikisia `Object` na kukataa, nawe ulilazimika kuandika `Collections.<String>emptyList()`, ile sintaksia ya nukta na mabano ambayo wengi hawajawahi kuiona. Siku hizi inaangalia pia kigezo kinachosubiri.

Bado kuna mahali macho yake hayafiki. Huu ndio mstari unaoniletea wageni mezani mara nyingi kuliko wowote:

```java
mazao.sort(Comparator.comparing(z -> z.bei()).reversed());
```

Ukiondoa `.reversed()` inakubali. Ukiirudisha inasema `z` ni `Object` na haina `bei`. Sababu ni kwamba `comparing` inarudisha `Comparator<T>`, na ikiwa peke yake kama kigezo cha `sort`, kompaila inaona `sort` inataka `Comparator` ya `Zao`, inajua T. Ukiweka nukta baada yake, anayesubiri jibu la `comparing` si `sort` tena bali ni nukta, na nukta haina aina ya kuipendekeza. T inaangukia `Object`. Andika `(Zao z) -> z.bei()` au `Zao::bei`, umeipa kompaila kitu cha kushika.

`var` ya Java 10 ina ugonjwa huo huo. `var orodha = Collections.emptyList();` inakupa `List<Object>`, maana kushoto na kulia wote wanasubiriana.

Kijana wetu alirudi wiki iliyofuata na tangazo lingine, safari hii amelinakili kwenye daftari:

```java
<R, A> R collect(Collector<? super T, A, R> collector)
```

Nikamwacha alisome mwenyewe. R na A zimetangazwa na methodi. T haimo kwenye tangazo, kwa hiyo ni ya klasi, ni ya `Stream` yenyewe. Kinachorudi ni R, na R imo ndani ya `Collector` inayoingia, kwa hiyo kamba ipo: ukileta `Collector` ya kutengeneza orodha, utapata orodha. Alipofika kwenye A akakwama. "Imeingia, kaka, lakini haitoki."

Ni kweli, haitoki. A ni chombo cha kati ambacho vitu vinakusanywa humo kabla jibu halijakamilika, na anayeita hana sababu ya kukijua. Ndiyo maana `Collectors.toList()` inarudisha `Collector<T, ?, List<T>>`, na alama ya kuuliza imekaa pale pa A. Kwa kawaida nawakataza watu kuweka alama ya kuuliza kwenye aina inayorejeshwa. `List<? extends Mnyama>` ikirudi kwa mtu, hawezi kuongeza hata mbuzi mmoja humo, na alama hiyo inaanza kusambaa kwenye kila methodi inayoigusa orodha yake. Hapa imewekwa kwa makusudi. Waandishi wa maktaba wamejiachia uhuru wa kukibadilisha chombo cha ndani wakitaka, bila msimbo wa mtu yeyote kuvunjika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuambiwa jina lake.

Akaandika pembeni ya A kwenye daftari: "ya jikoni."